Kocha wa Timu za Matajiri

Timu zilizomjengea jina Virgilio Dalupan, kocha wa mpira wa kikapu aliyejulikana Ufilipino nzima kwa jina la Baby, hazikuwa za wanyonge. Ya kwanza ilikuwa ya chuo kikuu kilichoasisiwa na baba yake mzazi. Ya pili ilikuwa ya mwenye kiwanda cha nguo ambaye hakujua kubana mkono mambo yalipofika kwenye mchezo. Ya tatu ilibeba jina la kahawa ya mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi, na ya nne jina la kampuni ya nyama za kusindika. Anayeitazama rekodi yake, mataji 12 ya ligi ya vyuo vikuu na 15 ya ligi ya kulipwa, ana haki ya kuuliza: mwenye wachezaji wa namna ile angeshindwaje? Swali hilo halistahili kupuuzwa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Lakini linachukulia kwamba wingi wa vipaji ni raha. Historia ya mpira wa kikapu nchini humo inaonyesha kwamba wingi huo ndio uliokuwa mtihani wenyewe, na kwamba kazi ya Dalupan kwa miaka 35 ilikuwa kuwagawia mpira mmoja watu ambao kila mmoja wao aliamini, na pengine kwa haki, kwamba ni wake.

Wamarekani waliotawala visiwa hivyo ndio walioupeleka mchezo huu huko, kupitia shule na YMCA, mwanzoni mwa karne ya 20. Ukashika mizizi haraka kuliko mchezo mwingine wowote. Mwaka 1936, Dalupan akiwa mtoto wa miaka 12 jijini Manila, Ufilipino ilishika nafasi ya tano kwenye Olimpiki ya Berlin. Mwaka 1954 ikachukua medali ya shaba katika ubingwa wa dunia mjini Rio de Janeiro. Timu za wanaume za nchi nyingine za Asia hazijawahi kufika huko. Mwaka mmoja baada ya Rio, Dalupan alikabidhiwa timu ya University of the East, chuo alichokianzisha baba yake, Francisco, mara tu baada ya vita. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia: kazi aliipata kwa jina la ukoo. Ni kweli, na hakuna sababu ya kuzunguka mbuyu. Ila jina la ukoo humwingiza mtu mlangoni, halimfungii vikapu. Ligi ya vyuo vikuu, UAAP, ina tabia moja inayomkatili kocha yeyote: wachezaji wanahitimu. Kijana aliyefundishwa miaka mitatu anaondoka siku ileile anapoanza kukomaa, na nafasi yake inachukuliwa na mwingine ambaye bado anajifunza kusimama. Katika mazingira hayo University of the East ilitwaa ubingwa mara saba mfululizo, kuanzia 1965 hadi 1971. Kundi lililoshinda mwaka 1965 halikuwa kundi lililoshinda mwaka 1971. Aliyebaki palepale ni kocha. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake alikuwa Robert Jaworski, bingwa wa miaka ya mwanzo ya mfululizo huo, ambaye baadaye angekuwa mchezaji aliyependwa kuliko wote nchini, kisha seneta, na kwa takriban mwongo mmoja mpinzani mkuu wa mwalimu wake.

Upinzani huo ulitokana na timu mbili za makampuni. Dalupan alikuwa ameanza kuifundisha Crispa mwaka 1962, huku akiendelea na chuo. Crispa ilikuwa mali ya Valeriano Floro, ambaye kila mtu alimwita Danny, mwenye biashara ya fulana na nguo za pamba. Jina la utani la timu, Redmanizers, lilitokana na namna ya kukitengeneza kitambaa ili kisinywee kinapofuliwa. Siku hizo ligi kubwa ilikuwa MICAA, ya ridhaa kwa jina tu, kwa sababu wachezaji walikuwa waajiriwa wa makampuni ambao kazi yao kubwa ilikuwa kucheza. Ilikuwa ligi yenye joto. Mwaka 1971, katika mchezo wa Crispa na Meralco, Jaworski na mwenzake wa Meralco waliwavamia waamuzi wakafungiwa maisha, adhabu iliyokuja kufutwa baada ya muda wakati taifa lilipowahitaji. Crispa nayo ikapigwa na pigo lake mwaka 1972, wachezaji wake kadhaa waliposimamishwa kwa tuhuma za kupanga matokeo.

Kwa wanaosema fedha za Floro ndizo zilizoshinda, mwaka huo ndio wa kuutazama. Timu iliyokuwa imejaa majina makubwa ilibaki na mapengo, na njia ya mkato ya mwenye fedha ingekuwa kununua majina mengine makubwa. Crispa ilijengwa upya kwa vijana. Atoy Co, Philip Cezar na Bernie Fabiosa walikuwa bado wanajitafutia nafasi, wakiungana na mfungaji hatari William Adornado, maarufu Bogs. Baadaye akaongezeka Freddie Hubalde, na Abet Guidaben akasimama katikati. Fedha zilikuwepo, wala hakuna anayekataa. Lakini fedha zilipata kundi la vijana, na kundi la vijana ndilo lililopitia mikono ya mwalimu wa chuo, mtu aliyezoea kuanza upya kila msimu.

Tarehe 9 Aprili 1975, timu zilizochoshwa na uongozi wa chama cha mchezo huo zilianzisha PBA, ligi ya kwanza ya kulipwa barani Asia. Michezo yake mikubwa ilichezwa Araneta Coliseum, ukumbi uleule ambamo Muhammad Ali na Joe Frazier wangepigana Oktoba ya mwaka huo. Kila msimu uligawanywa kwa kawaida katika mashindano matatu, kila moja na bingwa wake. Mengine yaliruhusu wachezaji wa kigeni, wengi wao Wamarekani, na moja lilikuwa la Wafilipino watupu. Toyota, timu ya Jaworski, Ramon Fernandez na Francis Arnaiz, ilichukua mataji mawili ya kwanza. Crispa ikachukua la tatu. Tangu hapo nchi ikagawanyika kama Dar es Salaam inavyogawanyika kwa Simba na Yanga, na ugomvi haukuishia kwa mashabiki: Aprili 1977 wachezaji wa timu hizo walipigana hadi wakakamatwa na kulazwa katika kambi ya jeshi ya Fort Bonifacio. Nchi ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi ya Ferdinand Marcos, na hata hasira za wanamichezo zilikuwa suala la usalama.

Mwaka 1976 Crispa ilitwaa mataji yote matatu ya msimu, jambo ambalo katika historia yote ya ligi limetokea mara tano tu. Mtu angeweza kuishia hapo. Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye orodha nyingine, ile ya wachezaji bora wa msimu. Mwaka 1975 na 1976 tuzo ilikwenda kwa Adornado. Mwaka 1977 ikaenda kwa Hubalde, 1979 kwa Co, 1980 kwa Cezar. Wachezaji wanne tofauti wa timu moja, chini ya kocha mmoja, ndani ya misimu sita. Tujiulize maana yake ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Mtu aliyetangazwa bora kuliko wote nchini anarudi msimu unaofuata na kukuta mipango mingine imechorwa kwa ajili ya jirani yake, naye anakubali kupiga pasi. Kwingineko mambo kama hayo huvunja timu. Kwa Crispa yalikuwa utaratibu, na matunda yake yalionekana mwaka 1980, timu hiyo iliposhinda michezo 19 mfululizo katika mashindano ya Wafilipino watupu, kabla ya Toyota kuizuia mara moja katika fainali ambayo hata hivyo ilipoteza.

Toyota ndiyo kipimo, kwa sababu kwa vipaji haikuwa na upungufu wowote. Jaworski na Fernandez walikuwa wakubwa kama yeyote aliyevaa jezi ya Crispa, na nyuma yao kulikuwa na fedha za magari, ambazo si haba kuliko za fulana. Hata hivyo timu hiyo ilipita katika mikono ya makocha Dante Silverio, Fort Acuña na Ed Ocampo, na ilipovunjwa baada ya msimu wa 1983 ikiwa na mataji 9 dhidi ya 12 ambayo Crispa ilikuwa nayo wakati huo, mastaa wake wawili waligeukiana. Jaworski alikataa kuuzwa pamoja na timu kwa mmiliki mpya, akaenda Gilbey's Gin; Fernandez akabaki upande wa pili. Kwa miaka mingi wawili hao, waliokuwa wameshinda kila kitu pamoja, walikuwa hawasemezani.

Lipo pingamizi zito kuliko yote, nalo linatoka ndani ya Crispa yenyewe. Dalupan alipoondoka, Tommy Manotoc alichukua nafasi yake, na katika msimu wa 1983 akatwaa mataji yote matatu. Guidaben akawa mchezaji bora. Kama timu ileile inaweza kufanya yaleyale bila kocha wake, kocha alikuwa na kazi gani? Manotoc hakuwa mtu wa kubahatisha; alikuwa tayari ameshinda ubingwa na timu nyingine, na haki yake asinyimwe. Lakini uti wa mgongo wa timu ile, Co, Cezar, Fabiosa, Guidaben, Hubalde, ulikuwa wa wachezaji waliolelewa na Dalupan kwa miaka mingi, tangu wakiwa vijana. Zaidi ya hapo, pingamizi hili linajijibu ukilifuatilia upande wa pili. Crispa iliongeza taji moja tu mwaka 1984, kisha ikafutika, Floro akaiuza timu wakati uchumi wa nchi ukididimia kufuatia mauaji ya Benigno Aquino, mpinzani wa Marcos. Dalupan alikuwa kwenye benchi la Great Taste, timu ya kahawa ambayo haikuwa na historia ya kutisha, na katika miaka ya 1984 na 1985 timu hiyo ndiyo iliyotawala ligi. Hapo nyota alikuwa Ricardo Brown, mlinzi aliyekulia Marekani, mchezaji bora wa 1985. Pembeni yake alicheza Adornado, kipenzi cha Dalupan cha enzi za Crispa, ambaye goti lilikuwa limemtesa na wengi wakamhesabu kuwa amekwisha.

Tarehe 4 Juni 1989, katika ukumbi wa ULTRA huko Pasig, ligi iliandaa kwa mara ya kwanza mchezo wa nyota wake, wakongwe dhidi ya vijana. Wakongwe walipewa Dalupan. Kikosini alikuwa na Jaworski na Fernandez, ambao bado walikuwa na kinyongo. Sekunde za mwisho matokeo yalikuwa sare, na mpira ulikuwa wa wakongwe kuurusha kutoka nje. Dalupan alimpa Jaworski kazi ya kuurusha na Fernandez kazi ya kuupokea. Fernandez akampita kijana Benjie Paras, akafunga, na wakongwe wakashinda 132 kwa 130. Wale wawili wakapeana mikono katikati ya uwanja. Ulikuwa mchezo wa maonyesho, hauingii katika hesabu ya mataji, na mwenye kutaka kubeza anaweza kusema kocha yeyote angewatumia wakongwe wake bora. Lakini si kila kocha angechagua njia ambayo ingefanikiwa tu ikiwa watu wawili wasiosemezana wataaminiana kwa sekunde chache.

Taji lake la mwisho lilipatikana mwaka 1990 na Purefoods, timu ya Alvin Patrimonio, Jerry Codiñera na Jojo Lastimosa, akiwa na umri wa miaka 67. Katika fainali ya michezo mitano walitanguliwa 2 kwa 0 na Alaska, kisha wakashinda mitatu iliyobaki. Kocha wa Alaska alikuwa Mmarekani kijana aliyekulia Ufilipino, Tim Cone. Mwaka 2014 Cone ndiye aliyeivuka rekodi ya mataji 15, na tangu hapo ameiacha mbali sana. Dalupan aliishi kuyaona hayo. Alifariki Agosti 2016, akiwa na miaka 92.

Je, Cone amemshinda? Kwa idadi, ndiyo, na kubishana na idadi ni kupoteza muda. Dalupan alifundisha katika ligi iliyoanza na timu 9, na ni halali kusema kwamba katika miaka ile bingwa alitafutwa kati ya timu mbili au tatu. Upande wa pili, mataji yake 15 yalipatikana kati ya 1975 na 1990, ilhali Cone, aliyeanza mwaka 1989, alihitaji miaka 25 kulipata la 16. Tofauti yenye maana zaidi ni kwamba Cone ana mfumo unaojulikana, ule wa pembetatu uliotumiwa na Chicago Bulls, ambao unaweza kuchorwa ubaoni na kufundishwa kwa mwingine. Hakuna mfumo unaoitwa kwa jina la Dalupan. Kama ustadi wake ulikuwa kuwapima watu, ni vigumu kuona angeurithisha vipi. Tangu 1993 waandishi wa habari za PBA hutoa kwa kocha bora wa mwaka tuzo yenye jina lake, na Cone ni mmoja wa walioipokea. Lakini misimu mitatu ya mwisho ambayo timu moja ilitwaa mataji yote matatu, 1989, 1996 na 2014, ilikuwa ya makocha Wamarekani, Norman Black mara moja na Cone mara mbili. Wafilipino waliowahi kufanya hivyo ni Dalupan na Manotoc tu, wote kwenye benchi la Crispa.