Rangi Ikichujuka, Alipe Nani?

Mpangaji wa Nairobi anapotoa notisi ya kuhama, mara nyingi hesabu huwa imeshapigwa hata kabla hajakunja godoro. Rangi ya sebuleni imepauka, ukutani pana tundu la msumari uliotundikiwa saa, kitasa cha chooni kimelegea. Vyote hukatwa kwenye dipoziti, na nyumba hupakwa rangi upya kwa ajili ya mpangaji ajaye.

Hayo yana jibu la kisheria, tena la zamani. Mwaka 1882 serikali ya kikoloni ya India ilipitisha Sheria ya Uhamisho wa Mali. Kifungu cha 108 kilimtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoipokea, isipokuwa pale ilipobadilishwa na uchakavu wa kawaida au nguvu isiyozuilika. Waingereza waliileta sheria hiyo Kenya, ikatumika kwa sehemu ya ardhi ya nchi hii hadi ilipofutwa mwaka 2012. Kwa hiyo vizazi kadhaa vya wapangaji vimeishi chini ya kinga ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia.

Uchakavu wa kawaida ni upi hasa? Majaji wa Uingereza walilichambua swali hilo kwa makini. Katika kesi ya Proudfoot na Hart, mwaka 1890, Lord Esher alisema matengenezo yapimwe kwa umri wa nyumba, aina yake na mtaa ilipo: nyumba ya Grosvenor Square, walikoishi matajiri wa London, isipimwe kwa kipimo cha nyumba ya Spitalfields. Karatasi ya ukutani iliyochakaa kidogo tu haikumlazimu mpangaji kubandika mpya.

Lakini kinga hiyo ina mpaka, na ni haki iwe nao. Mwaka 1928, katika kesi ya Haskell na Marlow, Jaji Talbot alitoa mfano wa kigae kilichoanguka kutoka paani. Kigae chenyewe kimeondoka kwa uzee, hivyo mpangaji halaumiwi. Akikaa kimya huku mvua ikipenya na kuozesha dari na sakafu, uozo huo ni wake, maana angeweza kuuzuia. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliukubali msimamo huo mwaka 1958.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 imeendeleza kinga ileile. Kifungu cha 66 kinamwondolea mpangaji mzigo wa uchakavu wa kawaida, na pia wa moto au mafuriko yasiyotokana na uzembe wake, tetemeko la ardhi, hata volkano.

Tatizo ni mkataba. Sheria ile ya 1882 yenyewe iliruhusu makubaliano kinyume, na mikataba mingi ya leo humtaka mpangaji apake rangi anapotoka, awe ameuchafua ukuta au la. Huko ni kumlipisha mara mbili: kodi ya kila mwezi ndiyo bei ya kuitumia nyumba, na nyumba inayotumika huchakaa.

Usome mkataba kabla ya kutia sahihi. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila ukuta, bomba na kitasa, kisha andika kasoro zote kwenye karatasi na mwenye nyumba aisaini.