Ua Ulioingia Chuoni: Historia ya Shule za Awali za Madrasa katika Afrika Mashariki

Ujifunzaji unaoongozwa na mtoto ni utaratibu ambao mtoto mdogo huchagua mwenyewe kazi ya kufanya, huku mtu mzima akimwandalia mahali na vifaa, akimtazama, na kumwuliza maswali kabla ya kukimbilia kumpa majibu. Utaratibu huu hudhaniwa na wengi kuwa jambo geni, lililoletwa Afrika Mashariki na shule za kulipia za mijini. Historia ya shule za awali za madrasa, zilizoanzia Mombasa mwaka 1986, yathibitisha vinginevyo, kwa kuwa utaratibu huo ulishika mizizi pale wazazi walipoutambua ndani yake ua wa nyumba zao wenyewe.

Kwa vizazi vingi mtoto wa pwani ya Waswahili alilelewa na shule mbili. Ya kwanza ni chuo, yaani darasa la Kurani, ambako aliketi mkekani mbele ya mwalimu, akaanza na alifu, akajifunza kuunganisha herufi na irabu zake, kisha akaendelea hadi juzuu ya Amma, ambayo ni sehemu ya 30 na ya mwisho ya Kurani, yenye sura fupi zinazohifadhika kwa wepesi. Chuo kilimjengea kumbukumbu, usikivu na adabu, lakini njia ilipangwa na mwalimu, na mtoto aliifuata. Shule ya pili ilikuwa ua wa nyumba, ambako watoto walipika mapishi ya mchanga kwa vifuu vya nazi, wakacheza mdako, mchezo ambao mchezaji hurusha kokoto moja juu na, kabla haijashuka, huchokoa nyingine kutoka shimoni, akizirudisha kwa hesabu maalumu bila kukosea. Jioni vilitegwa vitendawili, na katika mchezo huo hata mtoto aliweza kushika swali mkononi, akawaacha wakubwa wakihangaika hadi washindwe na kumpa mji, kama desturi inavyotaka, ndipo awape jibu.

Kuenea kwa elimu ya serikali katika karne ya 20 kuliwatia wazazi Waislamu wa pwani katika njia panda. Mtoto aliyepelekwa shule ya vidudu, kama shule za awali zilivyoitwa na wengi, alijiandaa kwa darasa la kwanza, lakini wazazi walihofia kwamba angekosa msingi wa dini, ilhali aliyebaki chuoni peke yake aliingia shule ya msingi akiwa nyuma ya wenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa jamii hizo walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, msaada wa kuinua elimu ya watoto wao, na kutokana na ombi hilo Wakfu wa Aga Khan uliunga mkono jaribio la kuweka elimu ya awali na mafunzo ya dini chini ya paa moja. Mwalimu Swafiya Said, ambaye wengi humjua kwa jina la Bi Swafiya, ndiye aliyeiongoza kazi hiyo Mombasa.

Katika kuandaa mtaala, waanzilishi walijifunza mengi kutoka mfumo wa HighScope, uliochipuka katika mji wa Ypsilanti, jimboni Michigan nchini Marekani, ambako David Weikart na wenzake walianza mwaka 1962 kufundisha watoto wa familia maskini za Wamarekani weusi. Kiini cha mfumo huo ni hatua tatu: mtoto hupanga kwa kueleza anachotaka kufanya, hutenda alichokipanga, kisha husimulia alichokifanya na yaliyomkuta. Ni muhimu kukumbuka kwamba walimu wa Ypsilanti hawakuishia darasani, bali waliwatembelea watoto nyumbani kila wiki na kukaa na mama zao, hivyo mzazi alikuwa mshirika tangu siku za kwanza.

Mombasa mfumo huo ulivishwa nguo za nyumbani. Darasa liligawanywa katika kona, na vifaa vya kona hizo vilitoka jikoni, shambani na ufukweni: vifuu, makombe ya pwani, mbegu, vizibo vya chupa na vipande vya kanga. Mtoto anayepanga vifuu kuanzia kidogo hadi kikubwa, akakuta kimoja hakiingii ndani ya kingine, akakigeuza na kujaribu tena, anajifunza ukubwa, mfuatano na subira kwa wakati mmoja, na mwalimu anayemwuliza kwa nini kimekataa kuingia humfunza zaidi kuliko yule anayempokonya na kumwonyesha.

Mafanikio ya jaribio hilo yalitegemea wazazi kuliko majengo. Jamii iliyotaka shule iliunda kamati yake, wakiwemo wanawake, ikatafuta mahali, ikachanga, na ikateua vijana wa kike wa mtaani ili wapewe mafunzo ya ualimu. Shaka ilikuwapo, kwani mzazi aliyezoea kusikia watoto wakikariri kwa sauti moja aliona mchezo kuwa upotevu wa wakati. Lakini wazazi walioshiriki kutengeneza vifaa waliona kwa macho yao hesabu iliyomo katika mbegu na lugha iliyomo katika masimulizi. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baadaye shule zake zikapita 200 katika nchi tatu.

Kwa mzazi wa leo, historia hii haidai vitu vya kuchezea vya bei ghali. Inamtaka ampe mtoto vifuu vitatu vinavyopishana ukubwa, amwulize atavifanyia nini, amwache atende, na jioni amsikilize akisimulia, kwa unyenyekevu ule ule wa wazee walioshindwa kitendawili na kumpa mtoto mji, wakisubiri jibu litoke kinywani mwake.