Siku tano za milimani: nilichosoma kabla ya kukodi gari

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu na najua baadhi yenu mmeshaanza kuuliza kulikoni. Niko Delhi. Sikuja kutalii. Nimemsindikiza mjomba wangu, mzee wa reli, ambaye mishipa ya moyo wake imezibuliwa hapa baada ya ukoo mzima kuchangishana kwa miezi minne. Anaendelea vizuri, tunashukuru. Lakini daktari ametuambia tusubiri siku kumi ndipo arudiwe vipimo. Majibu yakiwa mazuri, tunapanda ndege kurudi nyumbani. Yakiwa mabaya, itabidi apasuliwe kifua, na mchango wetu haufiki huko.

Kwa hiyo tunasubiri. Binamu yangu, binti yake, ndiye anayempikia uji na kumpa dawa kwa saa. Mimi kazi yangu imebaki kununua maji na kutazama dari. Juzi mjomba akaniangalia, akasema: "Mpwa wangu, umekaa kama jogoo aliyenyeshewa. Nenda popote. Mimi hapa sikimbii."

Nikamwambia, mjomba, kaskazini ya hapa kuna milima ya Himalaya, na kuna miji midogo ambayo mtu anaweza kuizunguka kwa gari siku tano. Nikamtajia reli ya kupanda mji wa Shimla. Macho yakamwaka.

Ndiyo hivyo. Nimepanga safari yangu ya kwanza ya barabara katika milima hiyo. Na kwa kuwa nina ugonjwa wa kusoma historia kabla ya kulipia chumba, naandika hapa nilichokikuta. Kimenifanya nibadili ratiba mara mbili.

Jambo la kwanza: hii miji mingi ya milimani inayosifiwa kwa hewa safi haikukua yenyewe kama Bagamoyo au Lamu. Ni matokeo ya vita. Mwaka 1814 Kampuni ya Waingereza ya Mashariki ya India ilianza kupigana na ufalme wa Nepal, ambao wakati huo ulikuwa umeitawala milima hii kwa mamia ya kilomita kuelekea magharibi. Vita vilikwisha 1816 kwa mkataba wa Sugauli. Nepal ikarudishwa nyuma, na Waingereza wakapata Kumaon, sehemu ya Garhwal, na mkono mrefu juu ya milima ya Shimla. Wanajeshi waliokuwa wakifa kwa homa na joto la tambarare wakagundua kwamba huku juu mtu anavaa sweta mwezi wa Mei.

Mwaka 1822 ofisa mmoja, Charles Pratt Kennedy, akajenga Shimla nyumba ya kwanza ya kudumu ya Mzungu. Miaka mitano baadaye Gavana Jenerali, Lord Amherst, akaja kupumzika huko. Wakubwa wakianza kwenda mahali, wadogo hufuata. Mwaka 1864 John Lawrence, Makamu wa Mfalme, akaifanya Shimla kuwa makao makuu ya kiangazi ya serikali. Hebu fikiria: makao makuu yenyewe yalikuwa Calcutta, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka hapo. Kila mwaka joto lilipoanza, makarani, mafaili, wake, watoto na wapishi walihamishwa kupanda mlimani, na baridi ilipokaribia walishushwa tena. Na reli haikufika hata Kalka, chini ya mlima, mpaka 1891. Kabla ya hapo ni magari ya farasi, nyumbu, na migongo ya watu.

Sisi tunaujua mchezo huo. Wajerumani walipokuwa Tanganyika walipanda Usambara wakaiita Lushoto Wilhelmstal, wakajenga nyumba za mawe na kupanda maua ya kwao. Nimepita barabara ya Mombo kwenda Lushoto usiku, ndani ya basi dogo lililojaa, nikiwa nimeshikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili. Huo ndio uzoefu wangu wote wa kona za milimani. Kwa hiyo sitaendesha mwenyewe. India wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na mwenye kibali cha kimataifa anaweza kupewa gari, lakini mimi nitakodi gari na dereva wake. Ushujaa nauachia wengine.

Sasa, jambo lililonifanya nikae kitako ni hili. Kile kiti kilichokuwa kikipanda Shimla kila kiangazi kilitugusa sisi pia. Seyyid Said alipofariki 1856, wanawe Majid na Thuwaini waligombea urithi wa Oman na Unguja. Aliyeamua ugomvi huo ni Lord Canning, Makamu wa Mfalme wa India, mwaka 1861. Unguja ikatengwa na Muscat, na ikatakiwa kuilipa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Katika pwani yetu mtu alizaliwa, akafanya biashara na kuzikwa chini ya mipaka iliyoamuliwa na ofisi ya India. Shuleni nilifundishwa kwamba mabwana zetu walikaa London na Berlin. Hakuna aliyeniambia kuhusu India.

Halafu kuna reli. Hapa ndipo mjomba alipoomba miwani yake.

Reli ya Kalka kwenda Shimla ilijengwa kuanzia 1898 ikafunguliwa Novemba 1903. Ina urefu wa kilomita 96 na inapanda kutoka mita 656 hadi mita 2,076 juu ya usawa wa bahari. Upana wake ni milimita 762 tu, wakati reli yetu ya zamani ya mita moja ina 1,000. Inapita mahandaki 102 na madaraja zaidi ya 800. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia.

Tazama hiyo miaka tena. Reli ya Mombasa kwenda Ziwa Victoria ilianza 1896 ikafika Kisumu 1901. Waliletwa vibarua wa Kihindi kama 32,000, wengi wao kutoka Punjab, na karibu 2,500 walikufa kwa magonjwa, ajali na simba wa Tsavo wa mwaka 1898. Punjab ndiyo tambarare iliyo chini ya milima hii hii. Maana yake, katika miaka ileile, vijana wa upande mmoja wa dunia walikuwa wanachimba miamba ili wakubwa wapate baridi ya Shimla, na wengine wa eneo hilohilo walikuwa wanalala kwenye mahema Tsavo. Mwajiri ni dola moja. Sidhani kama kuna aliyewauliza wanapenda kwenda wapi.

Handaki refu kuliko yote linaitwa Barog, namba 33, lina mita 1,143. Wenyeji wanasimulia kwamba mhandisi aliyeitwa Barog alichimba kutoka pande mbili, pande hizo zikakosa kukutana, akatozwa faini ya rupia moja, na kwa aibu akajiua. Wanasimulia pia kwamba aliyesaidia kuonyesha njia sahihi ni mtu wa kijijini, Bhalku, asiyekuwa na shule, aliyekuwa akigonga miamba kwa fimbo yake. Ni hadithi ya mdomo, ichukue hivyo. Lakini makumbusho ya reli pale Shimla yamepewa jina lake, na hilo si hadithi.

Mjomba aliposikia akacheka hadi binamu akamwonya juu ya mshono. Alianza kazi kijana sana katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na lilipovunjika 1977 akaendelea na la Tanzania. Fundi aliyemfundisha kazi alikuwa Kalasinga. "Yule mzee," akasema, "alikuwa anagonga reli kwa nyundo, anasikiliza, anakuambia ufa uko wapi. Nilidhani ni uchawi wake. Kumbe ni mila ya kwao!"

Basi, ratiba yenyewe ni hii.

Siku ya kwanza tunatoka Delhi alfajiri hadi Kalka. Hapo dereva atapanda na gari peke yake, mimi nitapanda treni, kama saa tano hadi Shimla. Kwa gari ni haraka zaidi, lakini nimeshaahidi.

Siku ya pili ni Shimla kwa miguu. Nataka kuliona jumba la Makamu wa Mfalme lililokamilika 1888. Tangu 1965 ni taasisi ya utafiti wa elimu ya juu, na wanaopita varanda zake leo ni wasomi. Nataka kutembea barabara kuu, the Mall. Enzi za ukoloni watu watatu tu waliruhusiwa kupita hapo kwa gari: Makamu wa Mfalme, mkuu wa majeshi na gavana wa Punjab. Wakubwa wengine walivutwa kwa riksho, na aliyevuta ni binadamu. Leo hata mimi mtoto wa Temeke naweza kupita katikati nikila mahindi ya kuchoma. Hapo Shimla ndipo rufaa ya Godse, muuaji wa Gandhi, ilisikilizwa 1949, na ndipo Indira Gandhi na Zulfikar Ali Bhutto walipotia saini mkataba wa mwaka 1972 baada ya vita vilivyozaa Bangladesh.

Siku ya tatu ni ndefu: Shimla hadi Dehradun kwa njia ya Nahan, kama kilomita 230 zenye kona nyingi. Nimeweka kituo Paonta Sahib, kando ya mto Yamuna, mji ulioanzishwa na Guru Gobind Singh 1685. Kama umewahi kusafiri Nairobi kwenda Mombasa ukashuka Makindu, ukala chakula cha bure katika hekalu la Kalasinga lililojengwa 1926 na watu wa reli, utaelewa kwa nini. Nimekula pale Makindu nikiwa mwanafunzi sina senti. Nataka kukaa chini nile kwenye chanzo chake.

Siku ya nne ni Mussoorie na Landour. Hapa ndipo nilipobadili ratiba mara ya pili. Mwanzo nilitaka kupaacha, maana nilidhani ni mahali pa fungate tu. Kumbe George Everest alikuwa na nyumba hapo, akiongoza kazi ya kuipima India hadi alipostaafu 1843. Mlima mrefu kuliko yote ulipewa jina lake 1865, ingawa yeye mwenyewe alipinga, akisema wenyeji wa India hawataweza kulitamka. Na hesabu zilizoonyesha kwamba kilele hicho kinazidi vingine zilifanywa na Mbengali, Radhanath Sikdar, mwaka 1852. Mlima haukupewa jina lake. Dalai Lama naye, alipokimbia Tibet 1959, aliishi Mussoorie mwaka mmoja kabla ya kuhamia Dharamshala.

Lakini kilichonivuta ni Landour, pale juu kidogo. Mwaka 1827 ilianzishwa kuwa kituo cha askari wa Kiingereza kupata nafuu baada ya kuugua. Mji umezaliwa kwa ajili ya wagonjwa! Waliougua walipandishwa kwenye hewa nzuri. Waliowabeba walirudi chini. Nimekaa na wazo hilo hapa chumbani, kando ya mzee mweusi wa reli aliyetibiwa na madaktari wa Kihindi, ambao pengine mababu zao walikuwa upande wa wabebaji. Dunia imegeuka kidogo. Haijageuka kwa kila mtu, maana bado mlango unafunguliwa na hela, na yetu inakaribia kwisha.

Siku ya tano ni kurudi Delhi, nifike kabla ya giza.

Kwa anayetaka kufuata njia hii: epuka Julai hadi Septemba. Mvua za monsuni huangusha milima. Agosti 2023 maporomoko yaliua watu Shimla na kuacha kipande cha reli hii kikining'inia hewani. Na oga kwa adabu, kwa sababu mwaka 2018 Shimla ilikaukiwa maji kiasi cha kuwaomba watalii wasije. Mji uliojengwa kwa ajili ya wachache sasa unabeba umati, na mlima ni uleule.

Je, ni haki niende? Hela ni akiba yangu, si ya mchango, lakini najua kundi la ukoo kwenye simu litauliza mgonjwa nimemwachia nani. Nimelifikiria usiku mzima. Nikibaki, majibu ya Jumatatu hayatabadilika. Nikienda, mzee atakuwa na kitu cha kungojea zaidi ya vipimo.

Leo asubuhi nilipomwamkia, hakuniuliza habari za usiku. Alikuwa ameandika orodha nyuma ya karatasi ya dawa. Picha ya handaki namba 33, pande zote mbili. Idadi ya mabehewa. Na la mwisho amelipigia mstari: "Mataruma ni ya mbao, chuma au zege? Usikisie. Shuka uangalie."

Natoka kesho alfajiri. Muombeeni mzee.