Matarajio kama Sehemu ya Tiba: Kuanza Homoni za Kubadili Jinsia

Utangulizi

Mtu mzima anayeanza kutumia homoni ili mwili wake uendane na jinsia anayojitambua nayo huwa na swali moja mbele ya mengine yote: nitabadilika nini, na lini? Ni rahisi kulidhania swali hili kuwa la shauku tu, la kujibiwa kwa ufupi baada ya mambo mazito ya dawa na vipimo kumalizika. Makala haya yanatetea msimamo tofauti: jibu kamili la swali hilo ni sehemu ya tiba, nalo lina uzito uleule wa dozi. Asiyeijua ratiba ya mabadiliko ndiye anayeongeza dozi kwa siri, anayekata tamaa mwezi wa pili, au anayegundua akiwa amechelewa kwamba kulikuwa na uamuzi wa kufanya kuhusu uzazi.

Mjadala huu unahusu watu wazima. Aidha, unakubaliana na Shirika la Afya Duniani, ambalo katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022, liliiondoa hali ya jinsia anayojitambua nayo mtu kutolingana na mwili wake katika kundi la magonjwa ya akili na kuiweka katika masuala ya afya ya kijinsia.

Funzo la Amsterdam

Sehemu kubwa ya ushahidi tulionao inatoka Amsterdam, katika hospitali ya chuo kikuu cha Vrije Universiteit. Uchambuzi wa mafaili ya kliniki hiyo tangu 1972 hadi 2015 ulihusisha watu 6,793. Mwaka 1989 madaktari wake walichapisha matokeo ya kutisha: miongoni mwa wanawake 303 waliobadili jinsia, yaani watu waliosajiliwa wavulana walipozaliwa, kuganda kwa damu ndani ya mishipa kulitokea mara 45 zaidi ya ilivyotarajiwa.

Estrojeni iliyotumika sana wakati huo ilikuwa ethinilestradioli, mara nyingi mikrogramu 100 kwa siku. Ndiyo iliyomo katika vidonge vingi vya uzazi wa mpango, ambavyo kwa kawaida huwa na mikrogramu 20 hadi 35. Ini huivunja kwa taabu, hivyo huendelea kulichochea liongeze protini zinazogandisha damu. Waliozidi umri wa miaka 40 walipohamishiwa estradioli, aina nyingine ya estrojeni, inayopitia kwenye ngozi, visa vilipungua, na uchambuzi wa mwaka 1997 ukathibitisha hivyo. Leo miongozo ya kitabibu haipendekezi tena ethinilestradioli kwa tiba hii.

Funzo hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Dawa iliyoachwa Amsterdam ndiyo iliyo rahisi kupatikana katika maduka ya dawa ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, kwa kuwa vidonge vya uzazi wa mpango vimeenea kila mahali. Mtu asiye na daktari wa kumwamini, anayeogopa kudharauliwa au kuripotiwa, na anayeona mwili wake unachelewa, anaweza kumeza vidonge kadhaa kwa siku akiamini anafupisha safari. Kumbe anaongeza hatari bila kuongeza kasi.

Ratiba ya mwili

Kwa wanaotumia estrojeni pamoja na dawa ya kuzuia testosteroni, hamu ya ngono na kusimama kwa uume hupungua ndani ya miezi 1 hadi 3. Kati ya mwezi wa 3 na wa 6 ngozi hulainika, mafuta huanza kuhamia nyongani na mapajani, na uvimbe mdogo wenye maumivu hujitokeza chini ya chuchu. Ukuaji wa matiti huchukua miaka 2 hadi 3. Sauti haibadiliki, mifupa iliyokwisha kukua haipungui, na ndevu haziondoki kwa homoni peke yake.

Hapa takwimu zina la kufundisha. Utafiti wa mwaka 2018, uliofuatilia wanawake 229 waliobadili jinsia barani Ulaya katika mwaka wao wa kwanza wa homoni, ulionyesha kwamba matiti yalikua zaidi katika miezi 6 ya mwanzo, na kwamba karibu nusu yao walimaliza mwaka bila kufikia hata saizi ndogo kabisa ya sidiria. Lililo muhimu zaidi ni kwamba kiwango cha estradioli katika damu hakikutabiri ukubwa wa matiti. Anayelijua hili tangu siku ya kwanza ana sababu ya kutozidisha dozi.

Kwa wanaotumia testosteroni, hedhi hukoma kwa kawaida ndani ya miezi 6. Chunusi huongezeka, kisimi hukua, na sauti huanza kuwa nzito katika miezi ya mwanzo. Ndevu kamili huweza kuchukua miaka 4 au 5, na upara hutegemea urithi wa ukoo. Chembe nyekundu za damu huongezeka, na zikizidi damu huwa nzito mno. Kukoma kwa hedhi hakumaanishi kwamba mimba haiwezi kuingia. Testosteroni si njia ya uzazi wa mpango, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Tiba ikisimamishwa, mafuta na misuli hurudi taratibu katika hali ya awali, lakini matiti yaliyokua na sauti iliyoshuka hubaki. Uwezo wa kuzaa huenda ukarudi, huenda usirudi. Kwa hiyo suala la kuhifadhi mbegu au mayai lizungumzwe kabla ya dozi ya kwanza, na vipimo vya damu vifanyike takriban kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba ushahidi wa manufaa ni dhaifu. Lina uzito, ila halijakosa jibu. Mwaka 2023 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu wazima 64 waliohitaji testosteroni. Kwa kura, nusu walianza mara moja na nusu wakasubiri miezi 3. Walioanza walipata nafuu kubwa zaidi ya dhiki kuhusu miili yao na ya sonona, na fikra za kujiua zilipungua. Jaribio lilikuwa dogo na fupi, na kila mshiriki alijua yuko kundi gani.

Kwa upande mwingine, takwimu za Amsterdam zilizochapishwa 2021, za watu 4,568 waliotumia homoni, zilionyesha vifo takriban mara mbili ya vile vya jamii kwa jumla. Sababu zilijumuisha magonjwa ya moyo, saratani ya mapafu, maambukizi ya VVU na kujiua, na watafiti hawakupata dalili kwamba homoni ndizo zilizoleta ongezeko hilo. Matarajio sahihi basi yana pande mbili: homoni huweza kupunguza dhiki ya mwili, lakini haziondoi ubaguzi, upweke wala sigara.

Pingamizi la pili ni kwamba kueleza ni kuchochea. Naliona limepinda. Maelezo ya kweli humfanya mmoja aanze kwa utulivu, mwingine aahirishe apate kwanza mtoto, na mwingine aamue kwamba mabadiliko yasiyorudi nyuma si anayoyataka. Ukimya haumzuii yeyote. Unamwacha tu peke yake na vidonge.

Hitimisho

Dawa zenyewe si ngeni kwa madaktari wetu. Spironolaktoni, mojawapo ya dawa za kuzuia testosteroni, hutibu moyo na shinikizo la damu, estradioli hutumiwa na wanawake waliokoma hedhi, na testosteroni hupewa wanaume waliopungukiwa nayo. Kinachohitajika ni kuyafundisha mazungumzo haya kuhusu matarajio katika vyuo vya udaktari kwa umakini uleule unaopewa ufundishaji wa dozi. Kipimo cha mafanikio kiwe wazi: kabla ya dozi ya kwanza, mhusika aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe nini kitabadilika, nini hakitarudi nyuma, nini hakitatokea kamwe, na kwamba mguu ukivimba au kifua kikibana ghafla anapaswa kukimbilia hospitali. Asipoweza, daktari hajamaliza kazi yake.