Mtu wa Pili: Habari za Ujiji, Kigoma na Mgombea Mwenza

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapoangaza taa hupoteza nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo kila mwezi huwa na siku kadhaa ambazo mitumbwi ya Kibirizi na Katonga hulala mchangani na wavuvi wake hukaa barazani. Siku hizo ndizo siku za mazungumzo marefu, na kwa kuwa Ujiji ni mji wa watu waliokutana kutoka Manyema, Uha, Urundi, Unyamwezi na Mrima, kila mmoja na asili yake na kumbukumbu zake, mazungumzo ya hapa yamezoea kupima hoja ya mtu kabla ya kuikubali. Katika mwaka wa uchaguzi mkuu mambo mawili hutangulia mengine yote: hotuba aliyoitoa mgombea urais mbele ya mkutano mkuu wa chama chake, na sifa za mtu aliyeteuliwa kuwa mwenza wake. Nimekusudia kuandika juu ya hili la pili zaidi, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba jambo ambalo vyama vyetu hulipa dakika chache ndilo lililostahili saa nyingi, na kwamba historia ya pwani hii ya ziwa inalithibitisha waziwazi.

Wajiji, ambao ni jamaa ya Waha, walikuwa na mwami aliyekaa milimani mbali na maji, na wageni wa karne ya 19 waliofika hapa waliandika kwamba alikuwa na mwiko wa kuliona ziwa. Basi mtawala huyo, ambaye nchi yote ilikuwa yake, alikuwa hawezi kushuka sokoni Ujiji, wala kuketi na wafanyabiashara, wala kuamua kwa kinywa chake ugomvi uliozuka baina ya mwenye mtumbwi na mwenye mzigo wa chumvi ya Uvinza. Kazi hiyo ilikuwa ya mtware, aliyeshika madaraka kwa niaba yake, pamoja na wateko, wazee wenye dhamana ya ardhi. Richard Burton na John Speke walipowasili mwezi wa Februari 1858, mtu waliyepatana naye hakuwa mwami bali Kannena, mkubwa wa Kawele, kijiji cha hapahapa Ujiji, na ndiye aliyewapa mitumbwi na wapiga makasia wa kuelekea kaskazini hadi Uvira mwezi wa Aprili. Burton alimlalamikia sana Kannena katika maandishi yake, akamsema kwa tamaa na ukaidi, na yawezekana mgeni huyo mwenye kiburi hakumtendea insafu. Lakini malalamiko yake yenyewe ni ushahidi, maana yanaonyesha kwamba mtu aliyetaka kuijua hali ya utawala wa nchi hii aliijua kwa tabia ya naibu, na kwamba wema au ubaya wa mwami, hata ungekuwa mkubwa namna gani, ulimfikia mwananchi wa ufukweni baada ya kupita mikononi mwa mtu wa pili.

Hali hiyo haikubadilika sana bendera zilipobadilika. Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wa Waarabu na Waswahili wa Ujiji, alipokea bendera ya Sayyid Barghash mwaka 1881, akawa liwali wa mtawala aliyekuwa Unguja, mwendo wa miezi kwa msafara. Na baada yake walikuja mabwana wa Kijerumani, wa Kibelgiji na wa Kiingereza, ambao wote walikuwa manaibu wa wafalme ambao hakuna mtu wa Gungu wala Rusimbi aliyewahi kuwatia machoni.

Ama habari ya hotuba, mfano mkubwa kwa watu wa magharibi ni ule wa Tabora. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo Tabora ikawa jirani ambaye habari zake hushuka kwa garimoshi hadi ukingoni mwa maji. Huko ndiko TANU ilikofanya mkutano wake mkuu mwezi wa Januari 1958, kuamua kama chama kishiriki au kisusie uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walikwenda wakiwa wamekusudia kususia, na sababu zao zilikuwa na uzito, kwa kuwa masharti yale yalikuwa ya dhuluma. Julius Nyerere aliyajua hayo. Na hotuba yake, ambayo baadaye uamuzi uliotokana nayo uliitwa Uamuzi wa Busara, ilikabiliana na mioyo iliyokuwa tayari imefungwa, ikaifungua kwa hoja. Hawakukubali wote. Zuberi Mtemvu alitoka akaunda chama chake cha ANC, na mwaka 1962 akasimama dhidi ya Nyerere katika uchaguzi wa urais, akashindwa vibaya. Mimi humhesabu Mtemvu katika heshima ya mkutano ule, sikubali aitwe doa lake, kwa sababu hotuba ambayo mtu yuko huru kuikataa na kuondoka ndiyo hotuba iliyojadiliwa kweli. Nyingi tulizozisikia tangu wakati huo zilisomwa mbele ya watu waliokuja wamevaa sare za rangi moja na wamekwisha kukubali kabla ya neno la kwanza.

Lakini somo la mtu wa pili halikutoka Tabora. Lilitoka ng'ambo, na lilikuja kwa miguu. Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa Rais wa Burundi mwezi wa Juni 1993, na tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo wanajeshi walimuua, miezi mitatu na ushei tu baada ya kuapishwa. Wauaji hawakuishia kwake. Walimuua pia Pontien Karibwami, Spika wa Bunge, na Gilles Bimazubute, naibu wa Spika, yaani watu ambao Katiba ya nchi ile iliwataja kushika nafasi Rais akifa. Wale waliopanga mauaji walikuwa wameisoma Katiba kwa makini, wakaelewa kwamba kumwondoa mtu wa kwanza hakutoshi maadamu wa pili yu hai. Na nchi ikabaki bila mrithi halali, ikaingia katika vita vya miaka mingi. Maelfu kwa maelfu ya Warundi walivuka mpaka wakaingia Kibondo, Kasulu na Kigoma, wakiwa na watoto migongoni na mikeka kichwani, na wenyeji wa mkoa huu waliogawana nao maji na mihogo walijifunza, kabla ya Watanzania wengine, ni kitu gani hutokea pale ambapo swali la nani anafuata halina jibu.

Mwaka uliofuata Kigoma yenyewe ikawa habari ya nchi nzima. Katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Kigoma Mjini wa mwaka 1994, mmoja wa mwanzo kabisa baada ya kurejeshwa kwa vyama vingi, Azim Premji wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Dakta Aman Walid Kabourou wa CHADEMA. Kabourou alikwenda mahakamani, na shauri lilifika Mahakama ya Rufani, iliyothibitisha mwaka 1996 kwamba uchaguzi ule ulikuwa batili. Katika mambo yaliyoamuliwa mojawapo lilihusu hotuba hasa: Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha umma kilichosikilizwa katika kila nyumba yenye betri, ilikuwa imezitangaza kampeni za upande mmoja kwa upendeleo. Hukumu ile haijapewa hadhi inayoistahili katika mafunzo ya raia wetu. Ilisema kwa lugha ya sheria jambo ambalo wazee wa barazani walikwisha kulinena kwa lugha yao, kwamba watu hawawezi kuamua baina ya hotuba mbili ikiwa waliyoisikia ni moja. Kabourou baadaye aliliwakilisha jimbo hilo Bungeni kwa tiketi ya CHADEMA.

Wakati huohuo Katiba ya Jamhuri ya Muungano ilikuwa inafanyiwa mabadiliko ya 11. Hapo kabla Rais wa Zanzibar alikuwa, kwa wadhifa wake, Makamu wa Rais wa Muungano. Lakini vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992 ilidhihirika kwamba Rais wa Zanzibar angeweza kutoka chama kimoja na Rais wa Muungano chama kingine, na serikali ikawa na vichwa viwili visivyosalimiana. Ndipo akazaliwa mgombea mwenza. Masharti yake ni machache: awe raia wa kuzaliwa, mwenye umri usiopungua miaka 40, ateuliwe na chama kilekile cha mgombea urais, na atoke upande wa pili wa Muungano. Mpiga kura hutia alama moja, na kura hiyo huwachagua wawili. Shabaha ilikuwa njema, nayo ni kuulinda Muungano. Ila matokeo yake ni kwamba swali la kwanza kumhusu mwenza, na aghalabu swali la mwisho, limekuwa ni la mahali alikotoka. Akiwa wa Unguja au Pemba pale ambapo mgombea ni wa Bara, au kinyume chake, shauri huonekana limekwisha. Mwaka 2015 tulimwona Juma Duni Haji, mwanasiasa mkongwe wa CUF, akihamia CHADEMA ili sheria imruhusu kusimama pamoja na Edward Lowassa, na mjadala uliozuka ukawa juu ya kadi yake ya uanachama kuliko juu ya uwezo wake wa kuongoza nchi.

Na huku mauti yalikuwa yanatukumbusha. Omar Ali Juma, daktari wa mifugo aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar na kisha mwenza wa Benjamin Mkapa mwaka 1995, alifariki akiwa madarakani mwezi wa Julai 2001, na Ali Mohamed Shein akashika nafasi yake. Mwaka 2005 Jumbe Rajab Jumbe, mwenza wa Freeman Mbowe wa CHADEMA, alifariki siku chache tu kabla ya kupiga kura, na sheria ikalazimu uchaguzi wa Muungano uahirishwe kutoka tarehe 30 Oktoba hadi tarehe 14 Desemba. Nchi nzima ilisimama kwa sababu ya mtu ambaye wapiga kura wengi walilijua jina lake siku alipokufa.

Tarehe 12 Julai 2015, Dodoma, mkutano mkuu wa CCM ulimpata John Magufuli kuwa mgombea wake, na papo hapo akatajwa Samia Suluhu Hassan kuwa mwenza. Alikuwa na wasifu uliostahili kuzungumzwa kwa kituo: mbunge wa Makunduchi, Waziri wa Nchi aliyeshughulikia mambo ya Muungano, Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014. Yaliyozungumzwa zaidi ni kwamba ni mwanamke na ni Mzanzibari. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na siku mbili baadaye mwenza yule akaapishwa kuwa Rais.

Hapo ndipo historia ilipogeuza uso wake kuelekea mkoa huu. Rais mpya alipaswa kupendekeza Makamu, na Katiba inataka jina hilo lithibitishwe na Bunge. Tarehe 30 Machi 2021 Spika Job Ndugai alifungua bahasha akalisoma jina la Philip Mpango, mzaliwa wa Kigoma, mbunge wa Buhigwe, mtaalamu wa uchumi aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia, kuongoza Tume ya Mipango na kushika Wizara ya Fedha tangu mwaka 2015. Kura zilizopigwa zilikuwa 363, na zote zilikuwa za ndiyo. Furaha ya watu wa Kigoma siku ile niliishiriki kwa moyo wote, kwani mkoa uliozoea kutajwa kwa wakimbizi na kwa ubovu wa barabara ulitajwa kwa mtu wa elimu na kazi. Hata hivyo ni lazima niseme kwamba bahasha iliyofunguliwa na kura iliyopigwa siku hiyohiyo havikuwapa wawakilishi wetu nafasi ya kumuuliza Waziri wa Fedha wa miaka mitano maswali aliyokuwa na uwezo kamili wa kuyajibu, na jibu lake lingeliongeza heshima ile, lisingeipunguza.

Mpango aliomba kupumzika, na mkutano mkuu maalumu wa CCM uliofanyika Dodoma tarehe 18 na 19 Januari 2025 ukaarifiwa hivyo. Jina la Emmanuel Nchimbi, Katibu Mkuu wa chama wakati huo, likaletwa na kupitishwa katika mkutano uleule kuwa mwenza wa Rais Samia. Yeye naye ana mengi ya kujadiliwa, ya uwaziri na ya ubalozi, ambayo wajumbe hawakupewa muda wa kuyapitia. Hakuna kifungu cha sheria kinachokataza chama chochote, kiwe cha kijani, cha buluu au cha zambarau, kumpa mgombea mwenza saa yake jukwaani na kumwacha aulizwe na wajumbe kabla ya kura. Wajumbe wa Kigoma watakapokwenda tena kwenye mkutano kama huo, nawaomba mmoja wao asimame amuulize mtu huyo ni uamuzi gani mzito aliowahi kuufanya peke yake mkubwa wake akiwa hayupo, na ni lini alimwambia mkubwa huyo kwamba amekosea, na kisha abaki amesimama hadi ajibiwe.