Meli ya watalii ikitia nanga, zabibu ya Dodoma inapata nini?

Kila meli kubwa ya watalii inapofika Dar es Salaam au Unguja, habari hufika hadi Utemini, na swali ni lile lile: kwa nini wageni hao wasiletwe bara, wakaonja mvinyo kwa jirani zetu wa Dodoma?

Tuanze na saa. Abiria wa meli hizi hulala melini. Mara nyingi meli hufika asubuhi na kuondoka jioni, na aliyechelewa haisubiriwi. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imefupisha safari sana, lakini hata ile ya haraka hutumia zaidi ya saa tatu kwenda tu. Ndiyo maana wengi huishia Mji Mkongwe na kwenye mashamba ya viungo. Afrika Kusini wana bahati ya jiografia: kutoka bandari ya Cape Town hadi mashamba ya Stellenbosch ni kama kilomita 50. Dodoma iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka Dar es Salaam.

Kinachoweza kusafiri ni chupa. Zabibu yenyewe haina subira. Kwa kuwa Dodoma haina baridi kali, mkulima akipogoa vizuri huvuna mara mbili kwa mwaka. Neema hiyo ina adha yake: shamba likiiva wakati viwanda vimejaa, bei huporomoka, na baada ya siku chache mzigo umeoza. Mkulima mwenye pa kukamulia huuza mchuzi wa zabibu badala ya tunda. Mchuzi ukiwa kwenye matangi yanayofaa, yeye ndiye anayepata muda wa kutafuta bei. Kwa maoni yetu, matangi yangemsaidia kuliko meli kumi.

Mtalii wa kumwangalia ni yule anayelala Dodoma usiku mmoja au miwili, awe mgeni wa ng'ambo au mfanyakazi aliyekuja semina. Huyo ana muda wa kutembea shambani, kula, na kuondoka na chupa mbili.

Wewe wa Utemini unayefikiria kupanda mizabibu, kumbuka kuna nguzo, waya na maji ya kulipia kabla ya kuona senti. Kabla ya kununua miche, mtafute mnunuzi na umuulize: atachukua kilo ngapi, mwezi gani, kwa bei gani, na usafiri ni wa nani? Majibu yawe kwenye maandishi.