Kisanduku kisicho na diski

Septemba 1995, kwenye mkutano wa teknolojia jijini Paris, Larry Ellison wa kampuni ya Oracle alisimama akaiponda kompyuta ya mezani. Kwa maoni yake ilikuwa ghali na yenye mambo mengi kupita kiasi. Alichotaka ni kisanduku cha dola 500 kisicho na diski, kinachopata kila kitu kutoka kwenye mtandao.

Kwa aliyeanza kazi ya kompyuta miaka ya sitini, hapo hapakuwa na jipya. Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo wa CTSS, uliowaruhusu watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja akiiona kama yake peke yake. Miaka mitatu baadaye wanafunzi wa chuo cha Dartmouth walikuwa wakichapa programu za lugha ya BASIC kwenye teletaipu, yaani mashine za kuchapa zilizounganishwa na kompyuta, kompyuta yenyewe ikiwa chumba kingine. Mwaka 1971 IBM ikaleta teminali za 3270, yaani skrini na kibodi za kutumia kompyuta kuu, zikaenea kwenye mabenki na mashirika ya ndege. Teminali ikiharibika, unachomeka nyingine na kazi inaendelea.

Kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 ndiyo iliyouvunja utaratibu huo. Kila karani akapata diski yake, mafaili yake, na baada ya muda virusi vyake. Fundi akawa mtu wa kupanda ngazi na kushuka, ofisi hadi ofisi, kuweka programu ileile mara mia. Kero hiyo ndiyo Ellison aliyokuwa akiigusa, na haikuwa ya kubuni.

Kosa lilikuwa kuipigia debe bei ya kisanduku. Sun Microsystems ilitoa JavaStation mwaka 1996, lakini programu zake za Java zilikuwa nzito na chache. Februari 1997 Compaq ikatangaza kompyuta kamili, yenye diski yake, kwa dola 999. Ukishajumlisha seva na waya za mtandao, nafuu ya kisanduku cha Ellison ilikuwa imeyeyuka.

Kilichofanikiwa kilikuja kimyakimya. Citrix, kampuni iliyoanzishwa na Ed Iacobucci mwaka 1989, iligundua njia ya kuiendesha Windows kwenye seva na kupeleka kwa mtumiaji sura ya skrini tu. Microsoft ikakodi teknolojia hiyo, na mwaka 1998 ikatoa toleo lake la Windows NT kwa kazi hiyo. Hapo mhasibu akakutana na mstari mpya kwenye hesabu zake: leseni ya kila anayeingia kwenye seva. Kisanduku kiliweza kushuka bei kadiri kinavyotaka, leseni haikushuka nacho.

Kwangu mimi, kilele cha fani hii ni Sun Ray, kisanduku cha Sun cha mwaka 1999. Ndani yake hamkuwa na mfumo endeshi wala diski. Ilipeleka kwenye seva kila kitufe kilichobonyezwa na kupokea picha. Mfanyakazi alichomeka kadi yake ya plastiki, kazi zake zikatokea. Akichomoa kadi katikati ya sentensi, akaenda ghorofa nyingine na kuichomeka kwenye kisanduku cha mtu mwingine, sentensi ileile ilimngoja, kishale kikiwa palepale alipokiacha. Mwizi aliyebeba kisanduku hakuwa amebeba barua hata moja.

Cambridge, Uingereza, watu walilifikia wazo hilo kwa njia yao. Quentin Stafford-Fraser, mmoja wa waliolielekezea kamera birika la kahawa mwaka 1991 ili mtu asipande ngazi bure na kulikuta tupu, alikuwa pia kwenye maabara ya Olivetti ilikozaliwa VNC, programu iliyotolewa bure mwaka 1998 ya kuendesha kompyuta iliyo mbali. Baadaye alianzisha mradi usio wa faida, akaupa jina la Kiswahili: Ndiyo. Lengo lilikuwa kompyuta moja ya kawaida, yenye mfumo endeshi wa Ubuntu usio na ada ya leseni, ihudumie watu kadhaa katika nchi zenye kipato kidogo. Kifaa chake, Nivo, kilipokea picha kwenye mtandao na kuitoa kwenye skrini, basi. Mradi haukuzifikia shule na ofisi kwa wingi uliotarajiwa. Teknolojia yake, hata hivyo, ilizaa biashara ya DisplayLink, ambayo chipu zake zinaongeza skrini ya pili kwenye laptopu kupitia USB.

Ofisa wa TEHAMA anayepima vifaa hivi leo bado anaweza kudanganywa na jaribio la watu watano. Wote wanafungua barua pepe, wanaandika, wanasifu. Vifaa vikishafungwa kwa watumiaji themanini, mambo hubadilika saa mbili asubuhi, wote wanapoingia kwa wakati mmoja na seva inapaswa kuwaandalia themanini hao meza zao ndani ya dakika zilezile. Mmoja akifungua video, seva inaifungua yenyewe kisha inapeleka kila kipande cha picha kilichobadilika, na picha inaanza kurukaruka. Umeme nao una hesabu mbili: betri moja kubwa inailinda seva na kazi za wote, ila swichi ya mtandao ikizimika, ghorofa nzima inakodolea macho skrini nyeusi.

Oracle iliinunua Sun mwaka 2010. Mwaka 2013 kampuni ileile ya Ellison ikatangaza kuacha kutengeneza Sun Ray.

Microsoft nayo, Aprili 2025, ilianza kuuza Windows 365 Link, kisanduku kidogo ambacho hakiendeshi programu yoyote mezani. Windows yake iko kwenye vituo vya data vya kampuni. Bei yake ilipoanza kuuzwa ilikuwa dola 349. Hiyo ilikuwa ya kisanduku tu, maana usajili wa Windows yenyewe unalipiwa kila mwezi, kwa kila mfanyakazi.